Je, Wajua? Paka wa Kisukari na Kijiko cha Glukosi

Je, wajua kwamba paka hajui utamu wa sukari? Si kwamba haupendi. Haupati kabisa ulimini. Mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, walieleza sababu. Kipokezi cha utamu hujengwa kwa jeni mbili zinazoshirikiana, na moja kati ya hizo mbili, kwa paka, ina kipande kilichomeguka zamani sana, haifanyi kazi tena. Wakapima chui milia na duma, wakakuta hali ni ile ile. Kwa jambo hili duma wa Serengeti na nyau anayelala juu ya friji yako ni watoto wa baba mmoja: ukiwapaka asali mdomoni, wanachohisi ni kitu kinachonata.

Nimeanza na ulimi kwa sababu ipo saa ambayo uhai wa paka hutegemea kijiko kimoja cha sukari asiyoweza kuionja. Ni pale paka mwenye kisukari, anayechomwa insulini nyumbani, sukari yake inaposhuka kupita kiasi. Wenye paka wa namna hii huhangaika sana na sukari iliyopanda. Iliyopanda hudhuru kwa wiki na miezi. Iliyoshuka humaliza kazi kabla chai haijapoa.

Je, wajua kwamba kisukari cha paka kinafanana na kile cha watu wazima? Mbwa akiugua, mara nyingi kongosho lake limeacha kabisa kutoa insulini. Paka hutoa, ila haitoshi, na mwili wake umekuwa kiziwi kwa hiyo kidogo inayotoka. Katika vishada vya seli zinazotengeneza insulini hurundikana protini iitwayo amiloidi, kama ilivyo kwa binadamu mwenye kisukari cha aina ya pili. Anayeugua zaidi ni dume aliyehasiwa, mwenye umri, mnene, anayekaa ndani. Paka shume anayeshinda juu ya mabati akiwinda panya hana kitambi cha kuualika ugonjwa huu. Wa kwenye kochi anacho.

Tiba iliyozoeleka ni insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo. Hapo ndipo hesabu zinapokuwa ndogo kiasi cha kutisha.

Je, wajua damu yote ya paka wa kilo 4 ina sukari kiasi gani? Paka huyo ana damu inayokaribia robo lita. Kipimo chake kikiwa cha kawaida, tuseme milimoli 5 kwa lita, sukari yote inayozunguka mwilini mwake ndani ya damu ni kama robo gramu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Kigawe mafungu 16. Fungu moja ndilo hilo. Punje chache zikipungua humo, ubongo, ambao haujiwekei akiba yoyote ya maana, huanza kulia njaa.

Na insulini nayo hupimwa kwa udogo huo huo. Paka wengi huanzishiwa yuniti 1 kwa kila sindano, wengine 2. Katika insulini ya watu, ile yenye yuniti 100 ndani ya mililita moja, yuniti 1 ni sehemu moja ya mia ya mililita. Tone la maji linalodondoka kutoka kwenye koki mbovu lina kama mililita 0.05. Lingekuwa insulini, tone hilo lingekuwa yuniti 5.

Je, wajua kwamba hiyo “yuniti” yenyewe ilizaliwa na degedege la sungura? Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 alichomwa mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14. Katika maabara ya huko James Collip, mkemia wa kundi lililoipata, alikuwa akijaribu nguvu ya dawa kwa sungura. Akaona sungura waliozidishiwa wakianguka na kutukutika, na akawaamsha kwa kuwapa glukosi. Kwa kuwa hakukuwa na mizani nyingine ya kupimia dawa hiyo mpya, sungura ndiye aliyefanywa mizani: yuniti moja ikawa kile kiasi kinachoshusha sukari ya sungura wa kilo 2 hivi, aliyefungishwa kula, hadi miligramu 45 kwa desilita, ambazo ni milimoli 2.5 kwa lita. Huko ndiko degedege linakoanzia. Baadaye kipimo hicho kilipunguzwa hadi theluthi yake, na ndicho kilichoenea duniani. Paka wa kilo 4 ana uzito wa sungura wawili. Ukijua asili hiyo, huitazami tena mistari ya bomba la sindano kwa macho ya usingizi.

Macho ya usingizi ni chanzo kimojawapo cha sukari kushuka kupita kiasi. Mabomba ya sindano ya insulini hayafanani: yapo ya nguvu ya 100, na yapo ya 40, ambayo huendana na insulini kadhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, mstari uliosoma yuniti 1 umebeba 2.5. Namba imeandikwa ubavuni mwa bomba na kwenye lebo ya kichupa, na zinatakiwa kufanana. Duka la dawa likikuambia “haya yote ni sawa tu”, si sawa.

Chanzo kingine ni upendo wa watu wawili. Baba anamchoma paka saa kumi na mbili asubuhi, anaoga, anatoka. Mama anaamka, anamkuta paka ameketi kando ya friji kama anayedai haki yake, naye anamchoma. Daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, likining’inia mlangoni mwa friji, limeokoa paka wengi kuliko mashine yoyote. Huo ni mtazamo wangu, lakini sitegemei kupingwa.

Na ipo sindano iliyokwenda pembeni: paka kageuka, manyoya yamelowa, hujui kama dawa imeingia mwilini au imeishia kwenye koti lake. Usirudie. Sindano moja iliyokosekana humwacha paka na sukari ya juu kwa nusu siku, na nusu siku ataivumilia. Sindano mbili kwa wakati mmoja ni habari nyingine. Vivyo hivyo paka aliyegoma kula au anayetapika: usimpe dozi yake kamili kwa mazoea, mpigie daktari wa wanyama kwanza.

Je, wajua kwamba kichupa kipya kinaweza kumwangusha paka aliyezoea cha zamani? Insulini iliyoungua juani au iliyoganda kwenye friza hupoteza nguvu. Sukari inapanda, dozi inaongezwa, inaongezwa tena. Siku kichupa kipya kinapofunguliwa, dozi ile kubwa inakutana na dawa yenye nguvu zake zote. Hata hivyo insulini si dhaifu kama tunavyodhani. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kazi iliyoanzia kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako nyumba nyingi hazina friji: kichupa cha insulini ya binadamu kilichofunguliwa kilistahimili joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 bila kupungukiwa nguvu. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku mmoja usikimbilie kukitupa kichupa. Kilichoganda ndicho cha kutupa, hata kama kimeyeyuka na kinaonekana kizuri.

Chanzo cha mwisho kinachekesha na kuliza. Paka anaweza kupona. Si wote, lakini wapo ambao katika miezi michache ya mwanzo, wakila chakula chenye wanga kidogo na wakipata insulini vizuri, kongosho lao huamka na kuanza kufanya kazi tena. Hakuna anayewapigia simu wenye nyumba kuwaarifu. Habari njema hufika ikiwa imevaa nguo za msiba: paka aliyekuwa akiendelea vizuri na yuniti 2 anakutwa asubuhi amelala kifudifudi kando ya bakuli. Ile ile dozi ya jana leo imezidi.

Je, wajua kwamba dalili ya kwanza ya sukari iliyoshuka inaweza kuwa njaa? Paka anazunguka jikoni akipiga kelele, na wewe unamwambia asubiri. Kisha hujitenga, anajificha chini ya kitanda au anabaki akikodolea ukuta macho. Mboni zimepanuka hata mchana. Kichwa kinatikisika kidogo, kama cha mzee anayekataa jambo. Anatembea kwa kuyumba, miguu ya nyuma ikimpeleka asikotaka. Baadaye ni misuli kurukaruka, degedege, kuzimia.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Paka aliyekaa na kisukari kwa muda mrefu anaweza kudhoofika mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, akawa anakanyaga kwa kisigino chote kama sungura aketivyo. Hilo huja polepole, kwa wiki. Kuyumba kwa sukari iliyoshuka huja ndani ya saa moja. Jana alipanda kabati, sasa hivi anashindwa kupanda mkeka: hiyo ni sukari mpaka kipimo kikanushe.

Na wapo wasioonyesha chochote. Paka anaweza kuwa na milimoli 2.5 kwenye mashine ya kupimia sukari huku amelala dirishani anaota jua. Ndiyo maana kupima nyumbani si anasa ya wenye nafasi.

Kupima kwenyewe ni kazi ya sikio. Lishike sikio liwe na joto kwanza. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kikishikizwa dakika moja, kinatosha. Washa tochi ya simu nyuma ya sikio nawe utauona mshipa mwembamba ukipita ukingoni. Weka pamba upande wa pili usije ukajichoma kidole. Unachoma kando ya mshipa, si katikati yake, na unasubiri. Tone linalotoka ni dogo, kama punje ya ulezi, linasimama juu ya manyoya mafupi kama ushanga. Unaleta kijiti cha mashine, kinalinyonya. Kisha unabana pamba mpaka damu ikatike, na unampa kipande cha kuku wa kuchemsha kisicho na chumvi. Baada ya wiki mbili wengine huja wenyewe wakisikia mlio wa mashine. Wanafuata kuku, si afya.

Mashine ya watu inafaa, ukijua tabia yake. Kwa binadamu, sukari ya damu imegawanyika kati ya maji ya damu na chembe nyekundu, kama 58 kwa 42 katika mia. Kwa paka, 93 iko kwenye maji na 7 tu kwenye chembe. Mashine iliyofunzwa kwa damu yetu basi hukosea kwa paka, na mara nyingi husoma chini ya ukweli. Zipo zilizotengenezwa kwa wanyama. Ukiwa na moja, usibadilishe katikati ya safari. Wengi huchukua milimoli 3.5 kuwa mpaka: chini ya hapo unachukua hatua. Ukisoma maelekezo ya Kimarekani ukakuta 63, usishtuke. Wao hupima kwa miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18.

Je, wajua kwamba hofu peke yake humpandisha paka sukari? Safari ya ndani ya kikapu, harufu ya mbwa kwenye benchi, mikono ya mgeni: paka mzima asiye na kisukari anaweza kuvuka milimoli 10 kwa hayo tu. Daktari akipanga dozi kwa kipimo cha kliniki peke yake, anaweza kuwa anaitibu hofu kwa insulini. Paka akirudi kwake akatulia, hofu inaondoka, insulini inabaki. Vipimo vya nyumbani, vilivyoandikwa kwenye lile daftari, vina thamani kubwa mezani kwa daktari.

Sasa tuseme ni usiku, na paka anayumba.

Kama bado anaweza kula, chakula ndiyo dawa ya kwanza. Mpe anachokipenda, mara moja, na ukiweza changanya na glukosi kidogo au asali. Kama amelegea lakini anameza, koroga glukosi ya unga na maji kidogo mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, chovya kidole, inua mdomo wa juu pembeni na upake kwenye ufizi. Kidogo kidogo, mpaka kijiko cha chai kiishe. Usitazamie alambe kwa hamu. Umeshajua ulimi wake ulivyo. Akianza kulamba ni kwa sababu ya kile kinachonata, basi, na inatosha.

Kama amezimia au anatukutika, usimmiminie kitu chochote kooni. Kitaingia kwenye mapafu. Wala usitie kidole katikati ya meno: taya la paka mwenye degedege halimjui mwenye nyumba. Paka glukosi juu ya ufizi wa nje tu, mzungushie taulo, na uwe njiani kwenda kwa daktari. Kliniki wana glukosi ya kutia kwenye mshipa, wewe huna.

Baada ya dakika 15 pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula cha kawaida papo hapo, maana sukari uliyompaka hupita haraka kama mgeni wa mlangoni, na insulini iliyomwangusha ina saa nyingi mbele yake. Hapa ndipo watu hukosea: paka anaamka, anajilamba manyoya, nyumba nzima inashukuru na kwenda kulala. Saa mbili baadaye ameanguka tena. Endelea kupima usiku huo. Sindano inayofuata usiichome mpaka daktari aseme, na daktari aambiwe hata kama paka ameamka mzima kama mbuzi.

Je, wajua kwamba si kila kitamu kinafaa? Glukosi ya unga, ile ya kopo inayouzwa madukani kwa wagonjwa na wachezaji, ndiyo bora, kwa sababu ni sukari ile ile inayotakiwa kwenye damu na haihitaji kuvunjwavunjwa. Asali inafuata, ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi. Sukari ya mezani lazima kwanza ipasuliwe nusu kwa nusu tumboni, na ile nusu ya fruktosi ini la paka ni goigoi katika kuitumia. Itasaidia kama hakuna kingine. Soda isiyo na sukari na peremende za wenye kisukari hazina unachokitafuta. Chokoleti ni sumu kwa paka, iache kwenye kabati.

Waganga wa kale wa India waliuita ugonjwa wa kisukari mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiufuata mkojo huo. Wenye paka wa ndani hadi leo huanza kushtuka kwa njia hiyo: mstari wa sisimizi kwenye sinia la mchanga wa choo.

Dawa za kumeza zimeanza kuingia. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitisha Bexacat, kidonge kimoja kwa siku kinachozifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Hakishushi sukari kwa kasi ya insulini, kwa hiyo mwanguko wa ghafla ni nadra. Lakini hakipewi paka aliyekwisha kuanzishiwa insulini, na kina hatari yake: damu inaweza kujaa tindikali huku mashine ikionyesha namba nzuri tu. Wengi wenye paka wagonjwa bado wako na bomba la sindano na daftari.

Ukiwa mmoja wao, glukosi isikae kabati moja na vitu vya keki ambako atakayeamshwa usiku hataiona. Iweke juu ya friji, kopo likiwa na kijiko ndani na namba ya simu ya daktari imebandikwa kifunikoni. Kama huna hata kopo, duka la mtaani kwako lina kopo hilo, na huenda halijafunga.